Miguu ya Kuazima

Balbu ya barazani iliungua Jumatano jioni, na Kasiana akamwomba mumewe akimbie dukani kabla giza halijashika. Edmund akavaa ndala, akamshika mkono binti yake Emerensiana, wakatoka. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Njia za Bombambili zilikuwa nyekundu, zinateleza, na vijito vidogo bado vilikuwa vinatiririka kando ya kuta za nyumba. Hii ilikuwa wiki yao ya nne tangu wahamie kutoka Dodoma, na Edmund alikuwa hajauzoea mji ambao ardhi yake haikauki.

Mtoto alikuwa anachechemea. Mwendo wa dakika tano waliutembea kwa kumi, na walipofika dukani Emerensiana akaketi kwenye ngazi, akavua viatu, akaanza kusugua nyayo.

"Shikamoo, bibi," alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mwenye duka, Mwamvua, alikuwa mama wa makamo kutoka Tunduru, aliyekuja Songea na biashara ya korosho miaka mingi nyuma na hakurudi. Akachukua balbu rafuni, akaijaribu, ikawaka. Huku akiifunga kwenye kipande cha gazeti aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na mgeni wenu keshafika?"

"Mgeni gani, mama?"

"Binti yako mkubwa. Huyu mdogo kaniambia dada yake yuko njiani anakuja."

Edmund alimjibu kwamba ana mtoto mmoja tu. Alilisema haraka, na likamtoka kwa ukali asioukusudia. Mwamvua akamtazama, kisha akamtazama mtoto.

"Leo amefika Mafinga," Emerensiana alisema. "Kuna baridi. Kuna miti mingi, imepangwa mistari."

Siku ya safari, basi lilipopita Mafinga, mtoto huyu alikuwa amelala kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Alilala tangu Iringa, akaamshwa Songea. Alikuwa na miaka sita. Kusoma vibao vya barabarani alikuwa hajui.

Mwamvua akamkabidhi Edmund balbu. "Astaghafirullah," alisema, kwa sauti ya kujisemea, na akaanza kuvuta milango ya duka ingawa saa yake ya kufunga ilikuwa bado.

Alikuwepo kweli binti mkubwa. Aliitwa Anjelika. Alifariki Dodoma miaka miwili nyuma, akiwa na miaka tisa, kwa homa iliyomshika Ijumaa na kummaliza Jumatatu. Alizikwa huko huko, kwenye makaburi yenye vumbi jeupe na miiba, na tangu siku ile wazazi wake walikuwa hawalitaji jina lake wao kwa wao. Zamani Kasiana alimwita mumewe Baba Anje. Baada ya msiba akaacha, na hakupata jina jingine la kuweka mahali pale. Alipotaka kumwita alikuja karibu kwanza, ndipo akasema.

Usiku ule Edmund hakumweleza mkewe habari za dukani. Hata hivyo habari zilikuwa zimeshaingia nyumbani kwa mlango mwingine. Kasiana alikuwa amemwogesha mtoto kwenye beseni, na akamwita mumewe aje aone.

Nyayo za Emerensiana zilikuwa zimepasuka. Zilikuwa na malengelenge kwenye visigino na chini ya vidole, kama miguu ya mtu aliyetembea siku nyingi bila kupumzika. Na maji ya beseni yalikuwa ya kijivu, yameacha chini tabaka la vumbi laini, jeupe.

"Songea nzima ni tope," Kasiana alisema taratibu. "Vumbi hili kalikanyaga wapi?"

Edmund akainama. Akavuta pumzi.

Harufu ile aliijua. Ni ile ya ardhi kavu inayongoja mvua tangu Mei.

Asubuhi wakampeleka zahanati. Tabibu akasema ni viatu vipya vya shule, vinambana, akatoa dawa ya kupaka. Wakanunua viatu vingine, vikubwa kidogo. Alhamisi jioni Emerensiana alirudi kutoka shule akiwa hawezi kuviingiza mguuni. Alisema dada amefika mahali penye malori mengi, barabara mbili zinakutana, na aliogopa kuvuka. Edmund alijua ni Makambako. Ijumaa akasema dada yuko kwenye baridi kali, na wanawake wanauza viazi vilivyopangwa kwenye ndoo. Ikawa Njombe.

Edmund alikuwa afisa takwimu. Kazi yake ya miaka kumi na mitano ilikuwa kuwahesabu watu: waliozaliwa, waliohama, waliofariki. Alikuwa pia msomaji, na alikuwa na maelezo mengi ya jambo hili. Mtoto hupokea huzuni ya wazazi hata wakiificha. Mtoto husikia majina ya miji kwa wakubwa, akayapanga kichwani. Vumbi linaweza kutoka kwenye masanduku waliyohama nayo. Alijipa maelezo hayo moja baada ya jingine, na kila moja lilieleza kitu, lakini hakuna hata moja lililoeleza lengelenge chini ya kisigino.

Kisha ikaja Jumamosi. Mtoto akaamka mwepesi, akala mihogo, akaenda kuruka kamba na watoto wa jirani. Jumapili akatembea mwenyewe mpaka kanisani na kurudi. Edmund akakumbuka kwamba hata Jumamosi na Jumapili ya wiki iliyotangulia ilikuwa hivyo hivyo. Akafanya alichozoea kufanya, akatafuta ni kitu gani kilichopo siku tano na hakipo siku mbili. Jioni alimkalisha binti yake barazani, akamuuliza kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida dada amefika wapi leo.

"Amepumzika, baba. Hata jana alipumzika."

"Kwa nini?"

"Hawajamwita."

"Nani anamwita?"

"Mwalimu," alisema Emerensiana. Alishangaa kwamba baba hajui.

Jumatatu Edmund hakwenda kazini kwanza. Alikwenda shuleni na kumwomba mwalimu wa darasa la kwanza dakika chache. Mwalimu Lidwina alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, mwenye mkono uliojaa vumbi la chaki. Aliposikia jina la mtoto akasema afadhali baba amekuja mwenyewe, maana alitaka kumuuliza habari za yule mwingine. Akafungua daftari la mahudhurio juu ya dawati.

Majina yalikuwa mawili, moja chini ya jingine. Emerensiana Edmund. Anjelika Edmund. Mbele ya la pili kulikuwa na alama nyekundu za kutohudhuria, tangu siku shule ilipofunguliwa.

"Barua yako ya uhamisho ndiyo iliyoletwa hapa mapema, ili watoto waombewe nafasi," mwalimu alieleza. "Ina majina ya watoto wawili na haina umri. Nikadhani ni pacha. Siku ya kwanza nilimuuliza Emerensiana dada yake yuko wapi, akanijibu yuko njiani. Basi nikaendelea kumwita kila asubuhi, nikijua atafika."

Edmund akaweka kidole juu ya jina la pili.

"Nataka kukuuliza, baba, usinicheke. Mnakaa karibu na uzio wa shule?"

"Hapana."

"Kwa sababu tangu wiki iliyopita, nikimwita… kuna mtu anaitika. Mwanzoni nilidhani ni mwangwi. Leo asubuhi nimesikia vizuri. Mbali, kama mtoto aliye nje, barabarani." Mwalimu akajaribu kutabasamu. "Anasema nipo."

Mwezi wa Novemba, Dodoma, Edmund alipewa fomu ya uhamisho ajaze. Kulikuwa na mistari ya majina ya wategemezi. Aliandika mke, akaandika Emerensiana, na mkono wake ukashuka mstari wa chini ukaandika Anjelika, kwa mazoea ya fomu nyingi za miaka iliyopita. Aliona kosa palepale. Kalamu ilikuwa mkononi. Akalitazama lile jina, na akaona kwamba katika miaka miwili ile ndiyo mara ya kwanza limeandikwa mahali pa siku zijazo, mahali pa safari, pa mji mpya na nyumba mpya. Kulikata kungekuwa kama kumzika mara ya pili, tena kwa mkono wake mwenyewe. Akaikunja fomu, akaipeleka. Nani angemlaumu? Aliyeipokea aliyanakili majina kwenye barua bila kuuliza.

Alimwomba mwalimu Lidwina asimwite tena mtoto yule. Akamwambia kwa nini. Mwalimu akafunika daftari kwa viganja vyote viwili, kana kwamba kuna upepo. Alisema hatamwita, ila jina halifutwi hivi hivi. Mwalimu mkuu atataka cheti. Edmund akaahidi kukileta kesho.

Nyumbani alimweleza Kasiana yote, wakiwa wamesimama jikoni. Alingoja kelele. Kasiana akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akazungumza bila hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Alisema asubuhi ile ya kuhama, lori lilipokuwa linapakiwa, yeye hakwenda kumuaga jirani kama alivyosema. Alikwenda makaburini. Kwao, upande wa Namtumbo, familia zikihamia mashamba ya tumbaku ya mbali kwa msimu mzima, wanawake hupitia kwanza kwa waliolala. Huwaambia: sisi tunakwenda, ninyi kaeni, mtu asitufuate, njia ni ndefu. Hakumwambia mumewe kwa kuwa alijua mambo hayo hayapendi.

"Nilipiga magoti pale, nikamwambia mwanangu baki. Unajua nilivyolisema?" Kasiana alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nikamwambia baki. Na wewe ulikuwa umeshamwandika aje."

"Sikujua…"

"Sisemi ulijua."

Edmund akauliza swali alilokuwa amelibeba tangu Jumatano. Kwa nini miguu ya Eme?

"Aliyelala hana miguu," alisema Kasiana. "Bibi zetu walisema hivyo. Akiitwa, huazima ya ndugu yake. Na akishafika anakokwenda, nani atamwambia airudishe?"

Usiku ule Edmund alitafuta cheti cha kifo. Hakuwahi kukifungua tangu akipokee, na hakukumbuka kilipakiwa wapi. Alikipata karibu na alfajiri, chini ya sanduku la mwisho, ndani ya bahasha iliyokuwa bado na gundi. Kwa hiyo Jumanne alichelewa. Alipokuwa akikatiza uwanja wa shule, ukungu ukiwa umelala juu ya majani, madarasa yalikuwa yameshaanza. Dirishani mwa darasa la kwanza aliona mwalimu mwingine ameshika daftari. Lidwina alikuwa ameitwa kwenye kikao. Majina yalikuwa yanasomwa haraka haraka.

Edmund akaanza kukimbia.

"Anjelika Edmund."

Darasa kimya.

"Nipo."

Sauti haikutoka darasani. Ilitoka nyuma yake, upande wa barabara, na haikuwa mbali tena. Aligeuka. Uwanja ulikuwa mtupu. Ukungu, nguzo ya bendera, mbuzi mmoja aliyefungwa kamba. Katika majani yale yaliyoloa, upepo ukamletea harufu ya vumbi kavu.

Mwalimu Lidwina alipotoka kwenye kikao alimpa Edmund kalamu nyekundu na rula. Alisema kwa kanuni ni yeye anayepaswa kukata, lakini aliona afadhali mzazi akate mwenyewe. Edmund akaweka rula juu ya jina. Mstari ulipita. Pembeni akaandika amefariki, akaandika na tarehe. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyoogopa, na alipomaliza akadhani amemaliza.

Jioni, Emerensiana hakuweza kusimama.

Hakuwa na homa. Alilala chali kitandani, macho wazi, na miguu yake kuanzia magotini ilikuwa ya baridi kama maji ya kisima. Kasiana alikuwa ameifunga kwa kanga mbili na kuiweka mapajani mwake. Ukiibinya, mtoto hakuona maumivu. Hakuona kitu.

"Dada amekaa chini," alisema. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba. "Anauliza kwa nini wameacha kumwita. Hajui nyumba."

"Amekaa wapi, Eme?"

"Kwenye daraja dogo. Kuna kibao, kuna mashine ya kukoboa. Mshangano."

Mshangano ni pale Songea inapoanza, ukitokea Njombe. Edmund akamtazama mkewe.

"Nenda wewe," Kasiana alisema. "Mimi nilishamwambia langu. Aliyemwita ndiye anayemrudisha."

Kijana wa bodaboda aliyempata njia panda aliitwa Majidi. Alikuwa mwongeaji mwanzoni. Alisimulia habari za mvua, za timu yake iliyofungwa, za abiria aliyeshuka na kofia yake ya kinga kichwani akaenda nayo nyumbani. Walipopita nyumba za mwisho za Msamala akanyamaza. Jua lilikuwa limeshazama na kuacha anga rangi ya majivu. Mashine ya kukoboa ilikuwa imefungwa. Mbele kidogo kulikuwa na kalavati lenye kingo mbili fupi za saruji.

"Mzee, hapa unashukia kwa nani?" Majidi aliuliza.

Edmund akamwambia asubiri. Majidi akasema atasubiri, ila akasogeza pikipiki mbele, hatua thelathini hivi, akaigeuza ielekee mjini na hakuzima injini.

Edmund akatembea.

Kwanza aliona ardhi. Barabara yote, majani yote, kingo zote zilikuwa zimelowa. Lakini ukingoni mwa kalavati palikuwa na duara dogo lisiloguswa na mvua. Pakavu. Peupe.

Katikati ya duara alikuwa ameketi mtoto, amempa mgongo.

Gauni jeupe. Nywele zimesukwa mistari sita, kama shangazi yake alivyomsuka siku ya kumzika, taratibu, huku analia, mkono ukiteleza.

Edmund alisimama. Alisikia injini ya pikipiki na vyura. Kisha macho yakashuka kwenye miguu iliyokuwa inaning'inia ukingoni. Ilikuwa midogo mno kwa mtoto wa urefu ule. Ilikuwa imepasuka, imejaa malengelenge. Na kwenye kifundo cha kulia kulikuwa na kovu, umbo la jani, la uji uliomwagika miaka mitatu nyuma.

Kovu la Emerensiana.

"Baba," mtoto alisema bila kugeuka.

Haifai kumsingizia Edmund ushujaa. Neno la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa twende. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nyumba ilikuwa dakika kumi na tano kutoka pale, na balbu mpya barazani inawaka, na kitanda kipo. Angeweza kumshika mkono. Alitaka kumshika mkono kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu azaliwe. Kilichomzuia ni kile kikovu kidogo, kinachong'aa katika mwanga uliobaki.

"Anje," alisema. "Nilikosea, mwanangu. Nilikuandika kwa sababu nilishindwa kukukata. Mama alikwambia kweli. Sasa na mimi nakwambia. Rudi ukalale."

Vyura wakakoma wote kwa pamoja.

"Ni mbali," alinong'ona mtoto.

"Najua."

"Nirudi kwa miguu ya nani?"

Hilo Edmund hakulifikiria. Hakuna aliyemwambia, na hata Kasiana hakulisema, labda naye hakulifikiria, au labda alilijua na akamwachia mwenyewe. Jibu lilikuwa moja tu.

"Yangu."

Mtoto akateremka ukingoni. Edmund akafumba macho, kwa woga kwamba angegeuka na yeye angeona uso. Alihisi kitu kikipita karibu na goti lake, kitu chepesi, chenye joto la mchana wa Dodoma. Kisha baridi ikamwingia kwenye nyayo, ikapanda vifundoni, ikapanda mpaka magotini, na hakuijua tena ardhi iliyo chini yake. Akaanguka.

Majidi alikuja kumwinua. Ilibidi ambebe mgongoni mpaka kwenye pikipiki. Baadaye aliwasimulia wenzake kijiweni kwamba yeye hakumwona mtu pale, alimwona mzee akizungumza na kalavati. Walipomcheka akaongeza jambo moja, ambalo hakulirudia tena kwa sababu halikumchekesha hata yeye: kwamba mzee alipoanguka, kwenye lami iliyoloa kulikuwa na nyayo kavu zinazoelekea Njombe, na zilikuwa nyayo kubwa, za mtu mzima.

Edmund alipofikishwa nyumbani, Emerensiana alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, sahani mkononi, anaomba aongezewe ugali.

Hali ya miguu ya mtoto ilikwisha ndani ya siku mbili. Ya baba ndiyo ilianza. Baridi ilimwachia asubuhi, akaweza kutembea, lakini ofisini alikwenda na ndala, visigino vikiwa vimefungwa bandeji. Wenzake wakamwambia apime sukari. Akapima, hana. Aliona haraka utaratibu wa jambo lile: kila hatua aliyokanyaga yeye, kuna mahali ilikanyagwa nyingine. Akitembea sana mchana, jioni alikuwa na habari ya mbali. Nyayo zake ndizo zilizompa habari: ukali wa mteremko wa Lukumburu, ubaridi wa Njombe uliomfanya avae soksi juani, sindano za misonobari za Mafinga.

Kasiana alimwosha miguu kila jioni kwenye beseni lile lile. Alikuwa hajamgusa hivyo muda mrefu. Aliuliza kila mara swali moja: "Amefika wapi?" Edmund akamjibu, na Kasiana akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kukanda. Jioni moja, Anjelika alipofika Iringa, waliongea habari zake mpaka chakula kikapoa, jinsi alivyokuwa anaogopa kuku, jinsi alivyokuwa anakula ukoko kwa siri, na wote wawili wakacheka. Kasiana akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Lala, Baba Eme," alisema. Alikuwa amempa jina.

Anjelika akapita Mtera. Maji ya beseni yakaanza kuwa ya kijivu. Ijumaa jioni Edmund alihisi chini ya nyayo joto analolijua, na changarawe, na miiba midogo iliyokauka, na akajua ni makaburini. Zilibaki hatua chache, kama kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kasiana alipouliza, akamjibu kwamba bado, yuko njiani.

Jumamosi hakutoka kitandani. Alisema amechoka. Alikaa ameegemea ukuta, miguu ameikunja juu ya godoro, shuka mpaka kiunoni. Jumapili hakwenda kanisani. Hakukanyaga sakafu hata mara moja. Alifanya haja kwenye kopo, kama mgonjwa. Hakusoma, hakulala. Alikaa tu akisikiliza, uso wake umetulia, kama uso wa mtu aliye na mgeni sebuleni ambaye hataki aondoke. Mahali fulani, jua likiwaka, mtoto wa gauni jeupe alikuwa amesimama na mguu mmoja hewani, akimngoja. Maadamu hajafika, alikuwapo bado.

Saa kumi na moja jioni Kasiana akaja mlangoni. Alitazama shuka lilivyoinuka magotini. Alilitazama muda mrefu, na Edmund akaona kwamba ameelewa.

"Baba Eme," alisema. "Shusha miguu."

"Kidogo tu."

"Shusha."

"Kidogo tu, Kasiana. Kesho."

Nje kulikuwa na watoto wanaruka kamba, wanahesabu kwa sauti, na hesabu ikakatika katikati. Emerensiana akaingia, akapita ubavuni mwa mama yake, akaketi sakafuni karibu na kitanda. Akavua kiatu cha kulia.

"Mama," alisema, anajikuna kisigino. "Kinaanza tena kuniwasha."

Edmund akaangalia sakafu. Ilikuwa ya saruji, imepigwa deki asubuhi, inang'aa. Akavuta shuka pembeni.

Akashusha mguu mmoja.